Inchi Ishirini na Saba

Nibu ni kipande kidogo cha chuma kilichokunjwa mgongo, chenye mpasuko mwembamba unaoishia kwenye ncha. Ukiipitisha juu ya karatasi bila kuikaza, mstari hutoka mwembamba. Ukiikaza kidogo, mpasuko hufunguka, wino hushuka zaidi na mstari hunenepa. Ukilegeza mkono, hukonda tena. Charles Schulz alichagua nibu iitwayo Esterbrook 914, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuandikia na si kuchorea, akaichovya kwenye wino mweusi kwa miongo mingi. Kwa nibu hiyo alichora Peanuts, katuni iliyoanza kutoka magazetini Marekani tarehe 2 Oktoba 1950 na kukoma tarehe 13 Februari 2000. Jumla yake ni katuni 17,897. Hakuwa na msaidizi wa kuchora, wala wa kuandika maneno ndani ya viputo, wala wa kumtungia vichekesho. Kampuni ya Esterbrook ilipokuwa inafunga shughuli zake, alinunua nibu za aina hiyo zilizobaki, ili mkono wake usilazimike kuzoea chombo kingine.

Katuni ya gazeti husomwa kwa sekunde chache, chai ikiwa bado ya moto, na kufikia jioni gazeti lenyewe linafungia vitumbua. Inastahili kutazamwa polepole angalau mara moja, kwa mwendo wa mkono ulioichora. Wanaoifanya kazi hii kwa nibu, wino na karatasi wamekuwa wachache, na ukurasa uliowalisha unazidi kukatwa.

Siku ya Schulz ilianzia kwenye mkahawa wa Warm Puppy mjini Santa Rosa, California, ndani ya uwanja wa michezo ya barafu aliouanzisha na uliofunguliwa mwaka 1969. Baada ya kifungua kinywa alikwenda studio yake iliyo jirani, akaketi na karatasi za njano zenye mistari. Hapo hakuna kuchora kwa maana ya kuchora. Penseli inazurura: kichwa cha mtoto, pua ya mbwa, sentensi moja, sentensi hiyohiyo ikiwa imepunguzwa maneno mawili. Siku nyingine wazo lilikuja upesi, siku nyingine halikuja mpaka saa zimekwenda. Mtu angechungulia mlangoni angeona mzee ameketi anatazama dirishani. Lakini sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu mkono uliozoea unaweza kuchora hata siku ya uchovu, ila hauwezi kujitungia jambo la kuchora.

Wazo likipatikana, anavuta karatasi nene, ngumu, yenye uso laini usionyonya wino. Kwa katuni ya siku moja karatasi hiyo ilikuwa na upana wa yapata inchi 27 na kimo cha inchi tano na nusu. Gazetini, mchoro huohuo ulichapishwa kwa upana wa inchi sita au saba. Kila alichokiweka juu ya karatasi kilikuwa kinasubiri kupunguzwa hadi robo, naye alichora kama fundi cherehani anayekata kitambaa akijua kitarudi kikifuliwa.

Ubanifu huo ulikuwamo katika Peanuts tangu ilipozaliwa. Kampuni ya United Feature Syndicate, iliyoyauzia magazeti kazi za wachora katuni, iliinadi kwa wahariri kama katuni isiyokula nafasi. Visanduku vyake vinne vilikuwa na ukubwa mmoja. Mhariri aliweza kuvipanga kwa mstari mmoja wa mlalo, au kimoja chini ya kingine ili vijaze safu moja ya wima, au viwili juu na viwili chini. Hata jina la Peanuts lilichaguliwa na kampuni, na Schulz hakulipenda mpaka mwisho. Magazeti saba ndiyo yaliyoanza nayo.

Ili kuelewa kwa nini kubana nafasi lilikuwa jambo la kujivunia sokoni, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 magazeti ya New York yalikuwa yakipigania wasomaji, na katuni za rangi za Jumapili zilikuwa silaha. Richard Outcault alimchora mtoto wa mtaa wa mabanda aliyejulikana kama Yellow Kid katika gazeti la Joseph Pulitzer mwaka 1895. Mwaka uliofuata William Randolph Hearst akamvuta Outcault kwa fedha nyingi zaidi. Mwaka 1905 Winsor McCay alianza kuchora Little Nemo katika New York Herald, naye alipewa ukurasa mzima wa gazeti kubwa. Ndani ya ukurasa huo majumba yalirefuka kutoka kisanduku hadi kisanduku, na kitanda cha mtoto kilitembea juu ya mapaa ya mji kikiwa na miguu mirefu kuliko nyumba. Mwaka 1907 Bud Fisher alianzisha katika San Francisco Chronicle katuni iliyokuja kuitwa Mutt and Jeff, visanduku vikiwa vimepangwa mstari mmoja kukatiza ukurasa, na mafanikio yake yakaufanya mpango huo wa kila siku kuwa desturi. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, karatasi ikawa adimu, wahariri wakapunguza vimo na mapana ya katuni. Vita viliisha, nafasi haikurudi. Schulz aliingia kwenye chumba ambacho dari lilikuwa limeshashushwa.

Sasa turudi kwenye ubao wake. Kazi ya kwanza juu ya karatasi nene ilikuwa maneno. Alipiga mistari myepesi ya penseli kwa rula, akaandika maneno kwa herufi kubwa kwa kutumia nibu nyingine, Speedball C-5, yenye ncha bapa. Watu hupita juu ya herufi hizo bila kuziona, na huo ndio ubora wake: zina nafasi sawa, zinasimama wima, hazimchoshi msomaji mwenye taa hafifu. Ustadi huo aliupata kwa jasho. Alipotoka vitani, kabla ya kuwa na katuni yake, aliandika maneno kwenye viputo vya michoro ya watu wengine kwa ajili ya jarida la Kikatoliki lililoitwa Timeless Topix, yakiwemo matoleo ya Kifaransa na Kihispania. Anayeandika lugha ya wengine kwa mkono hujifunza kuitazama herufi kama umbo, na umbo hilo linahitaji hewa pande zote. Kwa hiyo katika Peanuts kiputo hakiwabani watoto waliomo chini yake. Maneno yamekwisha kukaa mahali pake ndipo watoto wanapochorwa.

Penseli yake ilikuwa ya haraka na yenye kuacha mengi. Duara la kichwa, mahali pa miguu, mstari wa upeo, basi. Hakutaka kuumaliza mchoro kwa penseli kisha aufuatishe kwa wino, maana mstari unaofuatisha mstari mwingine hufa. Alitaka nibu ndiyo ichore. Hapo ndipo subira inaonekana, kwa kuwa penseli husamehe lakini wino hausamehe kwa urahisi. Kichwa cha Charlie Brown, mtoto aliye mhusika mkuu wa Peanuts, ni duara ambalo karibu ni duara, na neno "karibu" ndilo lenye kazi. Ukilifanya kamili kwa bikari, mtoto anakuwa mpira. Ukilipindisha zaidi ya kipimo, si yeye tena. Schulz mwenyewe alikuwa akisema kichwa hicho ni kigumu kuchora. Alikianza upande mmoja, akakizungusha kwa pumzi moja, akaongeza sikio, kikonyo kidogo cha nywele kwenye paji la uso, nukta mbili za macho. Nukta hizo zikisogea upana wa uzi, furaha inageuka wasiwasi. Mabano mawili madogo pembeni mwa macho, na mtoto ana miaka sitini ya masikitiko.

Halafu kuna mvua. Ukitafuta mahali ambapo nibu ya 914 inajieleza kikamilifu, tafuta siku ambazo Charlie Brown amesimama kwenye uwanja wa besiboli huku mvua inanyesha. Hakuna kivuli cha kijivu kilichobandikwa hapo. Ni mistari mifupi ya wima, mamia, kila mmoja ukianza kwa mguso, ukinenepa katikati na kukonda unapoachiwa, na hakuna unaolingana na jirani yake. Imekaribiana vya kutosha hata unahisi ubaridi, na imeachana vya kutosha hata wino usigandane mashine ya kuchapa ikipita. Mchoraji mwenye haraka angeweka mistari hiyo kwa rula, na mvua ingekuwa wavu wa dirisha. Nyasi ni hivyohivyo, na nywele za Schroeder anapoinamia piano, na mbao za ukuta mfupi ambao watoto huuegemea wakizungumza mambo mazito. Sehemu nyeusi kabisa, kama sakafu au usiku, zilijazwa kwa brashi.

Watu wazima hawamo katika katuni hii. Sababu nyingi zimetolewa, lakini mojawapo ni ya fundi tu: kisanduku kina kimo cha mtoto. Jicho la msomaji limewekwa chini, usawa wa macho ya watoto kama Linus na Lucy, na mtu mzima angeingia humo kwa magoti tu. Kibanda cha mbwa Snoopy nacho kilikuja kuchorwa kwa ubavu, siku zote kwa ubavu, kwa sababu paa linahitaji kuwa mstari mmoja ambao mbwa anaweza kulala juu yake. Ufinyu ambao kampuni iliuuza kama faida ya mhariri, Schulz aliugeuza kuwa ulimwengu wenye sheria zake. Ndiyo maana simwoni kama mtu aliyechora vitu vichache kwa kukosa uwezo wa kuchora vingi. Alipima ni nini kitakachovuka safari ya kutoka inchi 27 hadi saba, akaviacha vingine vyote.

Na safari hiyo ilikuwa ndefu. Katika miongo ya mwanzo ya Peanuts, mchoro ulipigwa picha kwa kamera kubwa iliyoupunguza. Filamu ya negativu iliwekwa juu ya bamba la zinki lililopakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Mwanga ulipita penye mistari tu. Mahali hapo dawa ikaganda na kulilinda bamba, kwingineko tindikali ikalila. Ilipooshwa, mistari ya kalamu ilikuwa imebaki imeinuka, unaweza kuihisi kwa kidole. Bamba hilo lilikandamizwa kwenye karatasi nzito iliyotengenezwa kwa rojo, nayo ikawa kalibu yenye mistari iliyozama. Kalibu ilikuwa nyepesi na ya bei ndogo, hivyo ilitiwa kwenye bahasha na kutumwa kwa posta kwa kila gazeti lililolipia. Huko, mafundi waliimwagia risasi iliyoyeyushwa, wakapata tena mistari iliyoinuka, wakaipanga katika ukurasa pamoja na habari na matangazo. Ukurasa mzima ulifanyiwa kalibu yake, na risasi ikamwagwa kwa mara nyingine kupata bamba lililopinda la kufungwa kwenye silinda ya mashine.

Hesabu hatua hizo na ufikirie uzi mmoja wa mvua. Umetoka kwenye nibu, ukapita kwenye kioo cha kamera, zinki, tindikali, rojo, risasi, rojo tena, risasi tena, kisha ukagusana na karatasi mbaya ya gazeti inayokimbia kwa kasi na kunyonya wino. Ukiwa mwembamba kupita kiasi unakatika njiani. Ukimkaribia mwenzake unaziba na kuwa doa. Mchoraji hayupo katika hatua hata moja ya hizo. Anachoweza ni kuzitabiri wakati ameshika kalamu. Katuni ya Jumapili iliongeza rangi, na rangi hazikupakwa na mchoraji juu ya karatasi yake. Aliandika namba kwenye nakala, kila namba ikiwa rangi moja, na mafundi wa kutenganisha rangi wakafuata namba hizo kwa wino mwekundu, njano, buluu na mweusi. Kuanzia miaka ya 1970 uchapaji wa ofseti ulienea, zinki na risasi zikaondoka viwandani, na kazi za mafundi hao zikaondoka nazo.

Jumapili ilikuwa na mtihani mwingine. Magazeti yalitaka kuukata ukurasa wa katuni kwa vipimo tofauti, kwa hiyo visanduku vya mwanzo vilipaswa kuwa vya kuondolewa bila hadithi kuvunjika. Fikiria mtunzi anayetakiwa kuandika mwanzo mzuri ambao nusu ya wasomaji hawatauona, na ambao wakiuona wasihisi umebandikwa. Schulz aliandika mianzo hiyo kwa miaka arobaini na minane ya Jumapili, kuanzia Januari 1952, na mingi ni vichekesho kamili vyenye miguu yake.

Mwaka 1981 alifanyiwa upasuaji wa moyo, na baadaye mkono ukaanza kutetemeka. Mstari wa miaka ya mwisho unatikisika. Mtu yeyote anaweza kuuona kwenye mgongo wa Snoopy. Hakumkabidhi mwingine kalamu. Alipunguza mwendo, akaushikilia mkono mmoja kwa mwingine, akaacha mtikisiko uonekane kwenye nyasi na majani ambako haukudhuru, na akaendelea kupambana nao kwenye vichwa na macho. Tarehe 29 Februari 1988 aliviacha hata vile visanduku vinne sawa alivyovitumia kwa miaka 37. Tangu hapo alitumia vitatu, au viwili, au kimoja kirefu. Kuna katuni za miaka ya 1990 zenye theluji na watoto wawili tu, nafasi kubwa nyeupe katikati yao, na kwangu ni miongoni mwa bora alizofanya.

Wakati huo ukurasa wenyewe ulikuwa unafinywa. Bill Watterson, aliyechora Calvin and Hobbes kwa brashi ndogo ya manyoya kuanzia Novemba 1985, alisema hadharani kwamba katuni zinapunguzwa hadi hazina tena cha kuchorwa ndani yake, ila vichwa vinavyozungumza. Aliporudi kutoka likizoni Februari 1992, Jumapili yake iliuzwa kama nusu ukurasa usiokatwa. Wahariri wengine walilalamika. Walioikubali waliona dinosaria wakirudi na kichaka chenye majani, vitu ambavyo havikai ndani ya kisanduku cha ukubwa wa stempu. Aliacha kuchora tarehe 31 Desemba 1995, na hakuna aliyefuata aliyepewa uhuru huo kwa kiasi hicho.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tunaujua uvumilivu wa aina hii. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa, na wasomaji wa Uhuru walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory. Mtu mmoja, mhusika mmoja, kona moja ya ukurasa, siku zikipita. Kona hiyo ilikuwa ahadi kati ya gazeti na msomaji wake, nayo ililipwa kwa mkono wa mtu aliyekuwa ubaoni iwe ameamka vizuri au vibaya.

Novemba 1999 Schulz aligundulika kuwa na saratani ya utumbo, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba anaacha. Katuni yake ya mwisho ya siku ya kazi ilitoka tarehe 3 Januari 2000. Aliaga dunia usiku wa tarehe 12 Februari, saa chache kabla ya Jumapili yake ya mwisho kuwafikia wasomaji. Wakati huo Peanuts ilikuwa katika magazeti zaidi ya 2,600. Kwa makubaliano yake na kampuni hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuendelea nayo, kwa hiyo magazeti yakaanza kurudia za zamani, na mengi yanarudia mpaka leo.

Ninazipenda za zamani, na bado nafasi zinayoijaza gazetini inaniuma. Mwaka 2022 kampuni ya Lee Enterprises, yenye magazeti mengi katika majimbo mbalimbali ya Marekani, ilipunguza katuni za kila siku hadi nusu ukurasa ulio sawa katika magazeti yake, na wachoraji wengi wakapoteza wateja kwa pigo moja. Vijana wanaochora sasa hutumia kalamu ya kielektroniki juu ya kioo, na visanduku vyao hupangwa kimoja chini ya kingine kwa ajili ya simu. Wamo wenye vipaji vikubwa. Wanachokosa ni mhariri wa kuwalipia kila juma wakati mkono bado unajifunza. Hata mkono wa Schulz ulijifunzia gazetini: Charlie Brown wa wiki za kwanza hana hata fulana yenye mstari wa kona-kona. Aliivaa Desemba 1950. Lucy na Linus hawakuwepo mpaka 1952. Snoopy alikuwa mbwa wa kawaida wa miguu minne, na alipanda kulala juu ya paa la kibanda chake kwa mara ya kwanza Desemba 1958, katuni hiyo ikiwa imeingia mwaka wake wa tisa.